Jina la Ubatizo, Jina la Kodi: Historia ya Kubadili Majina katika Nchi ya Buha

Kila mwaka swali la kubadili jina hutufikia makanisani, hasa wakati vijana wanapoomba vyuo, ajira au kitambulisho cha taifa. Mmoja anaitwa Yohana katika cheti cha ubatizo, John katika cheti cha shule, na jina la babu yake limeandikwa kwa herufi ambazo babu mwenyewe asingezitambua. Mwingine alipewa na wazazi jina la msiba, na amechoka kulibeba. Wa tatu ameokoka na hataki tena kuitwa kwa jina alilopewa kwa mganga. Wa nne, tuseme kweli, anatafuta jina la kujifichia. Wote wanne wanauliza jambo moja: Je, Mkristo anaweza kwenda mbele ya sheria na kubadili jina lake?

Hatuwezi kuwajibu kwa neno moja, kwa sababu hawaombi kitu kimoja. Tena hatuwezi kuwajibu vizuri bila kuangalia historia yetu wenyewe. Sisi watu wa Kibondo na Kasulu, pamoja na ndugu zetu wa Kakonko na Buhigwe ambazo zamani zilikuwa sehemu ya wilaya hizo mbili, tumebadilishiwa majina mara nyingi ndani ya miaka mia moja. Kanisa limetupa jina, mtoza kodi ametupa jina, karani wa mkonge ametupa jina, mwalimu wa shule naye ameongeza lake.

Majina kabla ya kitabu cha ubatizo

Wazee wetu hawakuwa na jina la ukoo kama linavyotakiwa kwenye fomu za leo. Mtoto alipewa jina lake mwenyewe, na jina hilo mara nyingi lilikuwa sentensi nzima. Lilieleza hali ya nyumba siku aliyozaliwa: furaha, njaa, ugomvi na majirani, vifo vilivyotangulia, au shukrani. Ukoo ulijulikana, lakini haukuandikwa mwishoni mwa jina la mtu.

Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, na majina yake yanaeleweka pande zote mbili za mpaka. Chukua jina Baranyanka: maana yake ni "wananichukia". Chukua Ntirugirimbabazi: "hakina huruma", yaani kifo. Mzazi aliyempa mwanawe jina la namna hii alikuwa anasema na majirani zake, au analilia watoto waliokwisha kuzikwa. Mapacha nao wana majina yao, Bukuru na Butoyi, na mtu akiyasikia hahitaji kuuliza nani alitangulia.

Lakini yako pia majina yanayomtaja Mungu. Imana ni jina la Mungu katika Kiha kama lilivyo katika Kirundi na Kinyarwanda. Hakizimana ni kusema "Mungu ndiye aponyaye". Nzeyimana ni "namtumaini Mungu". Habonimana ni "Mungu ndiye aonaye". Jina la Imana halikuja na wamisionari. Walilikuta midomoni mwa watu. Mama aliyemwita mwanawe kwa jina la Imana kabla ya kuona kitabu chochote alikuwa anakiri jambo, hata kama alikuwa bado hajasikia habari za Kristo. Tulikumbuke hili tunapofika kwenye habari za ubatizo.

Kubadili jina pia hakukuwa jambo geni. Wafalme walibadili majina walipotawazwa. Katika Burundi jirani, mtoto aliyeitwa Bangiricenge aliketi kitini mwaka 1915 akaitwa Mwambutsa, na mwaka 1966 kijana Charles Ndizeye akawa Ntare wa Tano. Ntare maana yake ni simba, na jina hilo lilikuwa la wafalme upande wetu pia. Mwami Theresa Ntare wa Heru, Kasulu, aliyekuwa miongoni mwa wanawake wachache walioingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika kabla ya uhuru, alibeba majina mawili yenye historia mbili: Theresa la ubatizo, na Ntare la kiti cha enzi. Hakuna aliyemwambia achague moja.

Maji na jina jipya

Wamisionari Wakatoliki, Mapadre Weupe, walifika Ujiji mwaka 1879. Injili ilipanda milima ya Buha baadaye. Katika miaka ya 1930 wamisionari wa CMS kutoka Australia, chini ya Dayosisi ya Central Tanganyika iliyoundwa mwaka 1927, walikuwa wanafanya kazi katika nchi yetu. Miaka hiyohiyo uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, ulisambaa katika Afrika Mashariki na kufika hata kwetu.

Pamoja na Injili likaja jina la ubatizo. Kwa Wakatoliki jambo hili lilikuwa sheria iliyoandikwa. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 zilimwagiza padre ahakikishe anayebatizwa anapewa jina la Kikristo. Na wazazi wakishikilia jina jingine, padre aongeze jina la mtakatifu na kuyaandika yote mawili kitabuni. Kwa Waanglikana na Waprotestanti wengine haikuwa sheria ya namna hiyo, lakini desturi ilifanya kazi ileile. Mtu aliingia darasa la wakatekumeni akiitwa kwa jina lake la Kiha, akatoka majini akiitwa Petro, Danieli, Yeremia, Mariamu au Ruthu.

Tusiwahukumu waliotutangulia kwa haraka. Kwa wengi wao jina jipya lilikuwa ushuhuda. Mtu aliyeacha pombe, kisasi na hirizi alitaka kijiji kizima kijue, na kila alipoitwa kwa jina jipya alikumbushwa ahadi yake. Kwa aliyeitwa "wananichukia" tangu utotoni, kuitwa Yohana kulikuwa kupumua.

Lakini kulikuwa na hasara. Watu wengine walielewa kwamba jina la Kiha ni la shetani na jina la kigeni ndilo la Mungu. Hapo tulikosea njia. Hakizimana, jina lenye ushuhuda mzima wa Mungu ndani yake, liliwekwa kando, na mahali pake likaja jina ambalo mwenyewe hakujua maana yake. Ajabu ni kwamba majina mengi ya Biblia yana muundo uleule wa majina yetu. Danieli ni "Mungu ni mwamuzi wangu". Yohana ni "Bwana ana neema". Waebrania walikuwa wanaita watoto kwa sentensi zenye jina la Mungu, kama mama zetu walivyofanya.

Kanisa lenyewe limekua katika jambo hili. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 hazilazimishi tena jina la mtakatifu. Zinaagiza tu kwamba lisitolewe jina lililo kinyume na hisia za Kikristo. Na viongozi wetu wengi walibeba majina yote mawili bila haya. Askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Western Tanganyika, iliyoundwa mwaka 1966 na makao yake yakawa Kasulu, aliitwa Musa Kahurananga. Jina moja ni la nabii, jingine ni la nyumbani, na kwa majina hayo mawili alikuja kuwa Askofu Mkuu wa Tanzania. Mwalimu Nyerere naye alizaliwa akaitwa Kambarage, akabatizwa Nyegina karibu na Musoma tarehe 23 Desemba 1943 kwa jina la Julius, na taifa likamjua kwa yote mawili: Julius Kambarage Nyerere.

Wako waliokwenda njia nyingine. Mwaka 1970 mwandishi wa Kenya aliyejulikana wakati ule kama James Ngugi alizungumza mbele ya mkutano mkuu wa Kanisa la Presbiteri huko Nairobi akasema yeye si Mkristo. Mzee mmoja akamwuliza: mbona basi unaitwa James? Baadaye akaliacha jina hilo, akawa Ngũgĩ wa Thiong'o. Swali la mzee yule linatuonyesha jinsi watu walivyochanganya imani na jina la Kizungu. James si imani. Mtu anaweza kuitwa James asimjue Kristo, na anaweza kuitwa Ntirugirimbabazi akampenda Bwana kwa moyo wake wote.

Kalamu ya serikali

Wakati kanisa linaandika majina kwenye kitabu cha ubatizo, serikali ya kikoloni nayo ilikuwa inaandika kwenye kitabu cha kodi. Karani alitaka jina fupi. Sentensi nzima ya Kiha haikuingia kwenye kisanduku chake, wala sikio lake halikuzoea sauti zetu. Ndipo tukapata majina yaliyokatwa, na ndugu wa tumbo moja ambao kila mmoja jina la baba yake limeandikwa kwa herufi tofauti.

Kisha ikaja safari ya mkonge. Mashamba ya Tanga na Morogoro yalihitaji wafanyakazi, na Buha ilikuwa moja ya nchi zilizotoa watu wengi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, SILABU, na wazee wetu wakaandikishwa, wakapandishwa treni, wakawa manamba. Neno lenyewe linatosha: mtu alijulikana kwa namba. Huko wengine walichukua majina ya pwani ili wasidharauliwe kama watu wa bara. Waliporudi nyumbani walikuwa na jina la nyumbani, jina la kodi na jina la mkonge, pengine na la ubatizo juu yake.

Na cheti cha kuzaliwa je? Sheria ya usajili wa vizazi na vifo ya Tanganyika ni ya mwaka 1920, lakini kwa muda mrefu usajili huo haukuwalazimu Waafrika wengi. Kwa hiyo kwa vizazi vizima vya Kibondo na Kasulu, karatasi pekee iliyoonyesha jina la mtu na jina la baba yake ilikuwa ile ya kanisa. Ndiyo maana hadi leo watu wanakuja kutuomba tufungue vitabu vya zamani. Vitabu hivyo ni amana. Mchungaji au katibu anayevitunza vizuri, mbali na mchwa na mvua, anatunza urithi wa mashamba na haki za yatima.

Mwaka 1972

Mwaka 1972 majina yaligeuka kuwa jambo la hatari pande zote zinazotuzunguka. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Rais Mobutu aliamuru wananchi wa Zaire waache majina ya Kikristo yenye asili ya Ulaya. Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Mapadre walitishiwa kifungo kama wangebatiza kwa majina ya kigeni. Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa alipopinga, alilazimika kuishi nje ya nchi kwa miezi kadhaa. Hapo kanisa lilionja upande wa pili wa kikombe: mwanzoni wamisionari walikuwa wamewaambia watu waache majina yao, sasa mtawala aliwaambia waache ya ubatizo. Katika yote mawili mwenye jina hakuulizwa.

Mwaka huohuo mauaji ya Burundi yaliwaleta watu wengi sana Kigoma wakikimbia. Wengi walipelekwa kwenye makazi ya Ulyankulu na Katumba, baadaye na Mishamo. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993 likaja wimbi jingine, na Kibondo na Kasulu zikawa nchi ya kambi: Mtabila, Muyovosi, Nduta, Kanembwa, Mtendeli. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu wa Kongo, na mwaka 2015 Warundi walikuja tena.

Katika kila kambi ilikuwapo meza yenye karani na fomu, na shida ya zamani ikarudi. Mrundi ana jina lake, mkewe ana lake, na kila mtoto ana lake. Fomu inataka jina la familia. Baba anaitwa hivi, mtoto anaitwa vile. Mtu asiyejua desturi hii anaweza kudhani mtoto si wake. Wengine waliona ni afadhali kuwapa watoto jina la baba ili wasitenganishwe. Kwa hiyo walibadili majina kwa ajili ya upendo, bila wakili na bila muhuri. Mwaka 2014 wale wa 1972, watu wapatao 162,000, walianza kupokea vyeti vya uraia wa Tanzania, na kwa wengi jina lililoandikwa kwenye cheti kile ndilo lililokuwa sasa jina lao mbele ya dola.

Sisi Waha tumepata sehemu yetu ya shida hiyo. Kwa kuwa majina yetu yanafanana na ya majirani, mwananchi aliyezaliwa hapahapa, baba yake na babu yake wamezikwa hapahapa, huulizwa maswali mengi zaidi kuliko mwenzake wa mkoa mwingine. Vijana wengine wameamua kulizika jina la babu ili wapite mlangoni bila kusimamishwa. Tunawaelewa. Lakini tunawasihi wasione aibu. Mpaka uliwekwa na Wazungu. Majina yalikuwapo kabla yake.

Sheria inasemaje

Watu wengi wanadhani kubadili jina ni kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa akaandike barua. Sivyo. Sheria yetu ya usajili wa nyaraka, ambayo leo ni Sura ya 117, inatoka enzi za Waingereza, na njia yenyewe ni ya Kiingereza cha kale. Mwenye kutaka kubadili jina hutengenezewa hati, kwa kawaida na wakili, akaisaini mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kushuhudia, kisha hati ikasajiliwa kwa Msajili wa Hati, chini ya wizara inayosimamia ardhi. Baada ya hapo ndipo anapeleka nakala kwenye ofisi nyingine: ya vitambulisho, ya pasi za kusafiria, benki, mwajiri.

Hati hii ina historia inayotufundisha. Zamani Uingereza, mkataba wa watu wawili uliandikwa mara mbili kwenye ngozi moja, kisha ngozi ikakatwa kwa mstari wa meno meno, kila mmoja akachukua kipande chake. Vikikutanishwa, meno yalishikana, ikajulikana si vya kughushi. Lakini hati ya mtu mmoja haikuwa na mwenza wa kushikana naye. Ilikatwa kingo zake sawasawa, kama kichwa kilichonyolewa, na jina lake la Kiingereza linatokana na kunyolewa huko. Kubadili jina ni hati ya namna hiyo. Mtu hafanyi mapatano na jirani mmoja. Anasimama peke yake na kuutangazia ulimwengu wote.

Na anatangaza mambo matatu. La kwanza, naliacha jina la zamani. La pili, nitatumia jina jipya katika mambo yangu yote. La tatu, nawaomba watu wote waniite hivyo. Mshirika anayejua ibada ya ubatizo atasikia mwangwi hapa: kukataa, kukiri, na kupokelewa na kusanyiko. Hati ya sheria si sakramenti, lakini nayo inadai ukweli mbele ya mashahidi.

Tutofautishe basi mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Kama karani alikosea herufi, huko ni kurekebisha kosa. Kwa cheti cha kuzaliwa mtu huenda RITA na uthibitisho wake, na cheti cha ubatizo kinaweza kuwa sehemu ya uthibitisho huo. Kama mtu amejulikana kwa majina mawili yote ya kweli, Yohana na John, yapo mazingira ambapo kiapo kinachoeleza kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja kinatosha. Na kama kweli anataka kuacha jina moja na kuchukua jingine, hapo ndipo hati ya kubadili jina inahitajika. Aulize kwanza ofisi inayohusika kabla ya kulipa fedha kwa mtu yeyote. Wako wanaouza mihuri ya uongo kwa wanyonge, na muhuri wa uongo huja kumgharimu aliyeununua zaidi ya aliyeuuza.

Jina la mwingine

Sasa tufike mahali penye maumivu. Katika shule zetu palikuwa na desturi ambayo kila mtu mzima anaijua. Mtoto alipofeli darasa la saba, na kurudia kukiwa kumekatazwa, alitafutiwa jina la mtoto aliyeacha shule. Aliketi darasani kwa jina hilo, akafanya mtihani kwa jina hilo, akaenda sekondari na chuo kwa jina hilo. Wazazi waliona ni msaada. Mwalimu aliona ni huruma. Wengine katika wao walikuwa washirika wa makanisa yetu.

Hesabu ilikuja baadaye. Tarehe 28 Aprili 2017 Rais Magufuli alipokea Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, ikionyesha watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na vilikuwapo pia vyeti vilivyotumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Nyuma ya tarakimu hizo kulikuwa na nyumba, watoto wenye ada, wazee waliotegemea mshahara. Si wote walifanya kosa la aina moja, na hatujui moyo wa kila mtu. Lakini tunaona jinsi jina la kuazima linavyokaa. Mtu analibeba miaka 20 au 30, kila asubuhi akihofu kuitwa kwa jina lake la kweli. Harusi yake inatangazwa kanisani kwa jina lipi? Na akifa, mirathi itamtambua nani?

Hapa ndipo penye mstari. Anayebadili jina kwa hati husema: huyu aliyeitwa hivi, sasa anaitwa vile, ni mimi yuleyule. Anayetumia jina la mwingine husema: mimi si mimi. Wa kwanza anaacha alama nyuma yake ili yeyote aweze kumfuata hadi mwanzo. Wa pili anafuta alama. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kanisa liandike barua ya kumthibitisha mtu au likatae. Na tukikataa, tukatae kwa upole, tukimsindikiza mtu huyo kwenda kusema kweli, hata kama kweli hiyo ina gharama. Kumtupa nje na hofu yake si uchungaji.

Maandiko na majina

Tukiyaangalia Maandiko tunaona jambo hilohilo. Mungu alimbadili Abramu akawa Ibrahimu, na Yakobo akawa Israeli. Lakini kabla ya Yakobo kupewa jina jipya kule Yaboki, aliulizwa jina lake, akalazimika kusema "Yakobo". Miaka mingi nyuma, mbele ya baba yake kipofu, alikuwa amejibu swali kama hilo kwa jina la ndugu yake Esau. Alipata baraka kwa jina la kuazima, ikamfanya mkimbizi. Baraka ya pili aliipata baada ya kutaja jina lake mwenyewe.

Raheli akifa alimwita mwanawe Benoni, mwana wa uchungu wangu, lakini baba akamwita Benyamini. Huyo ndiye mfano wa wale wanaotaka kuweka chini jina la msiba. Hawadharau machozi ya mama zao, wanaomba tu kuishi. Naomi alitaka aitwe Mara, yaani uchungu, na watu wa Bethlehemu wakaendelea kumwita Naomi, na mwisho wa kitabu walikuwa sahihi. Danieli alipewa jina la mungu wa Babeli bila hiari yake, akaishi nalo katika ofisi za mfalme, na halikumzuia kufungua madirisha yake kuelekea Yerusalemu. Wazee wetu walioandikishwa kwa majina ya karani wanaweza kufarijika kwa Danieli.

Na katika Ezra sura ya 2 iko habari ambayo mara chache huhubiriwa. Makuhani fulani waliporudi kutoka uhamishoni walitafuta maandishi ya nasaba yao hawakuyaona. Babu yao alikuwa ameoa binti wa Barzilai na kuchukua jina la ukoo wa mke. Kwa sababu hiyo waliwekwa kando, wasihudumu ukuhani, mpaka atakapopatikana wa kuamua. Maandiko hayasemi kwamba babu yule alitenda dhambi. Yanaonyesha tu kwamba jina lililobadilishwa bila kumbukumbu nzuri linaweza kuwasumbua wajukuu. Yeyote aliyehangaika na karatasi za mirathi ya babu yake aliyekwenda mkongeni anaijua habari hii kwa mwili wake.

Neno kwa washirika

Basi kwa wale wanne tuliowataja mwanzoni, jibu letu ni hili. Aliyeandikwa vibaya, arekebishe, wala asiite kosa la karani mapenzi ya Mungu. Aliyechoka na jina la msiba, au aliyeokoka na hataki kuitwa kwa jina alilopewa kwa mganga, yuko huru. Lakini kwanza akae na wazee wa nyumbani, aulize lilipatikanaje, kwa maana huenda ndani yake kuna historia ambayo hakuna mwingine anayeikumbuka. Mwenye kutaka kujificha, tumwombee na tumshike mkono arudi kwenye jina lake.

Na sisi kama kanisa tuna deni letu. Tuwafundishe wazazi kusajili watoto mapema, wakiandika majina kwa herufi zilezile kwenye kitabu cha kanisa na cheti cha serikali. Tusimkatalie mtoto jina la Kiha kwenye ubatizo. Tuulize maana yake, na kama linamtukuza Mungu au kukumbuka wema wa watu, tulitamke kwa sauti juu ya maji. Tuvitunze vitabu vya zamani. Tusiandike barua ya uongo, hata kwa mtoto wa mzee wa kanisa.

Kitabu cha Ufunuo kinaahidi jiwe jeupe lenye jina jipya, asilolijua mtu ila yule anayelipokea. Hakuna karani atakayelikosea jina hilo, wala mpaka utakaolitilia shaka. Hadi siku hiyo tutumie majina tuliyo nayo kwa uaminifu, ya Kiha na ya Kiebrania, yaliyosajiliwa na yanayosubiri kusajiliwa. Aliyewaita wazee wetu katika milima hii anayajua yote, pamoja na yale ambayo hayakuandikwa popote.